Bei imeshuka, imeshukia wapi?

Ndugu msikilizaji, wapo watu wanaodhani kwamba maneno yetu sisi tunaosema redioni huingia sikio hili na kutokea la pili. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Lakini siku moja ya mwezi Agosti 2011, pale Lukozi, juu ya milima ya Usambara, mama mmoja mtu mzima aliniuliza swali ambalo lilinionyesha kwamba tunasikilizwa, tena na watu wanaokumbuka kila tulichosema. Swali hilo sijalisahau, na leo nataka tulitazame pamoja.

Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa. Mwanzoni mwa Agosti 2011, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ilitangaza kushusha bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa mwananchi aliyekuwa amechoka kulipa, ilikuwa habari njema, na sisi wa vyombo vya habari tuliitangaza asubuhi, mchana na jioni. Lakini kampuni za mafuta hazikuifurahia. Zilisema shehena iliyokuwa kwenye matangi yao ilinunuliwa kwa bei ya juu, hivyo kuiuza kwa bei mpya ni kuuza kwa hasara. Matokeo yake, siku chache tu baadaye, mafuta yakaadimika nchi nzima. Foleni za magari zikazunguka vituo, watu wakalala ndani ya magari yao, na wengine wakashika njia kwa miguu.

Jambo hilo lilifika hadi Bungeni Dodoma, wabunge wakalijadili kwa hasira, na serikali ikazitaka kampuni zirudi kuuza mafuta katika muda wa saa 24. Kampuni moja kubwa, BP, ilisimamishiwa leseni kwa miezi mitatu. Kisha katikati ya mwezi ule ule bei kikomo zikapandishwa tena. Huo ndio mkasa wa 2011 kwa ufupi, kama ulivyoonekana kutoka Dar es Salaam na Dodoma.

Sasa naomba tuutazame kutoka mlimani.

Katika siku hizo hizo nilipata msiba upande wa shemeji zangu, nikalazimika kwenda Lushoto. Nilifika Mombo jioni, tangi likiwa karibu tupu. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, ukaanza kuupanda mlima kwa kona baada ya kona, ukipitia Soni, mpaka Lushoto mjini. Ni kilometa 33 tu, lakini kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000 kwenda juu. Gari linapumua kama mtu aliyebeba gunia. Mafuta yanayokutosha tambarare hayakutoshi hapo.

Kituoni nilikuta pampu zimefungwa kwa mnyororo. Mhudumu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachezea funguo. Nikamuuliza, akanijibu kwa neno moja: "Hakuna." Nikashukuru, nikaenda kukaa garini. Giza lilipoingia, kijana mmoja akanigongea kioo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna dumu la lita 20 nyuma ya nyumba, lakini bei yake ni mara mbili ya ile iliyoandikwa kwenye bango.

Ndugu msikilizaji, nitasema kweli. Mimi niliyewahi kukaa mbele ya kipaza sauti na kuwalaani walanguzi, nililipa. Sikuuliza dumu lile limetoka wapi, wakati hata mtoto mdogo angeweza kukisia. Nilikuwa na msiba, nilikuwa na fedha mfukoni, na mlima ulikuwa mbele yangu. Nikapanda.

Baada ya mazishi nilikwenda Lukozi, ng'ambo ya Magamba, kumjulia hali jamaa yangu mmoja. Lukozi ni soko kubwa la mboga. Siku za kawaida hukuti nafasi ya kusimama: Fuso na Canter zimepanga mstari, matingo wanapanga magunia ya kabichi, karoti na viazi mviringo, madalali wanapiga kelele, na mzigo huo ndio unaoshuka usiku kucha kuja kulisha miji yetu, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza. Siku ile kulikuwa kimya. Kando ya barabara ya vumbi magunia yalikuwa yamepangwa, na juu ya gunia mojawapo alikuwa amekaa mama mmoja aliyejitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?"

Nikamwambia nimetoka Dar es Salaam. Akaniuliza kazi yangu, na mimi kwa kujisifu kidogo nikamwambia ni mtu wa redio. Akanitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Basi wewe utanieleza. Redio yenu imesema bei ya mafuta imeshuka. Imeshukia wapi?"

Alinieleza kwamba magunia yale yalikuwa na siku ya tatu pale barabarani. Gari lililokuwa lije siku ya kwanza halikuja. La siku ya pili lilikuja, lakini mchuuzi akasema dizeli ameipata kwa kulangua, hivyo bei ya gunia itabidi ishuke. Mama akakataa, akitumaini la kesho. La kesho ndilo alilokuwa analisubiri nilipomkuta, na majani ya nje ya kabichi yalikwisha anza kuwa ya njano.

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno mawili matatu kuhusu serikali na kampuni, nayo yalinitoka mdomoni yakiwa mepesi kama maganda. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mama yule hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza swali la hesabu. Kama bei imeshuka, punguzo hilo limemfikia nani?

Hebu tuifanye hesabu hiyo kwa mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Tuseme gunia la kabichi linauzwa mjini kwa shilingi 30,000. Katika fedha hizo, nauli ya gunia ni shilingi 8,000, ushuru na upakiaji ni 4,000, na mchuuzi anabakiza 6,000 za jasho lake. Kinachobaki kwa mkulima ni shilingi 12,000. Sasa mafuta yameadimika, na nauli ya gunia imepanda kutoka 8,000 hadi 12,000. Nani atalipa zile 4,000 zilizoongezeka? Mnunuzi wa mjini ana mboga nyingine za kuchagua. Ukimpandishia anahamia mchicha. Mwenye gari hawezi kulipa, maana amekwisha lipa kwenye dumu. Mchuuzi akikosa faida hapandi mlima tena. Anayebaki ni yule ambaye mzigo wake unaoza. Naye atapokea 8,000 badala ya 12,000. Nauli imepanda kwa nusu, na mkulima amepoteza theluthi moja ya pato lake, wakati mjini kabichi inauzwa kwa bei ile ile.

Hapa ndipo sisi wa mjini tunapojidanganya. Tunakwenda sokoni, tunakuta kabichi haijapanda, tunasema, "Afadhali, shida ya mafuta haijagusa chakula." Imegusa. Ila kuna mtu mwingine aliyetulipia, na mtu huyo hatumjui jina.

Kuna jambo jingine. Jedwali la bei za mafuta, ambalo siku hizi hutolewa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, lina mstari wa Lushoto kama lilivyo na mstari wa Korogwe na wa Muheza. Ni kazi nzuri, na tusiibeze. Lakini jedwali lile linaishia kwenye pampu. Kutoka pampu ya mjini kwenda Mtae, kule ukingoni ambako ukisimama unaiona tambarare ya Mkomazi chini yako, au kwenda kwenye vitongoji vya Mlalo na Shume, mafuta husafiri kwa dumu, na mwisho wa safari hugawanywa kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya meza ya mbao. Chupa ile haina mstari kwenye jedwali lolote. Bei yake hupangwa na umbali, na mvua, na haja ya mnunuzi.

Na mnunuzi wa chupa ni nani? Ni kijana wa bodaboda. Ni mwenye mashine ya kusaga. Ni baba ambaye mkewe ameshikwa na uchungu usiku wa manane, na hospitali ya wilaya iko Lushoto mjini. Huyo habishani na bei. Atauza kuku, atakopa kwa jirani, atalipa. Tukisema bei ya mafuta imepanda kwa asilimia fulani, tunasema habari ya pampu. Habari ya chupa hatuitangazi, kwa sababu hakuna anayetuletea taarifa yake kwa waandishi wa habari.

Najua kuna msikilizaji atakayesema kwamba dawa ni kuwakamata wauza chupa wote. Ni kweli kwamba biashara hiyo ni ya hatari, na sheria haiipendi kwa sababu nzuri. Hatujasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, boza la mafuta lilipopinduka, watu wakalikimbilia na madumu, moto ukalipuka na kuwaua watu zaidi ya 100. Petroli si maji. Nyumba yenye madumu uvunguni mwa kitanda ni nyumba inayongoja kiberiti. Lakini tujiulize: ukiziondoa chupa zote mlimani leo jioni, kesho asubuhi mgonjwa wa Mtae atapandia nini? Muuza chupa si lazima awe adui. Mara nyingi yeye ndiye bomba la mwisho la nchi hii, bomba bovu lenye kuvuja, lakini ndilo lililopo. Tofauti kati yake na yule kijana wa Mombo ni kwamba wa kijijini anauza kwa sababu kituo hakipo, na wa Mombo anauza kwa sababu kituo kimefungwa makusudi. Hao wawili tusiwaweke kwenye kapu moja.

Ndugu msikilizaji, uhaba wa mafuta si mgeni katika nchi yetu, na kila mara huja na sababu mpya. Wazee wanakumbuka kwamba mwishoni mwa 1973, baada ya vita vya Mashariki ya Kati, bei ya pipa duniani ilipanda kutoka kiasi cha dola 3 hadi karibu dola 12 katika miezi michache tu. Wanakumbuka pia 1979, bei ilipopanda tena wakati sisi tukiwa tumetoka vitani Kagera, na miaka iliyofuata ambapo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Hapo tatizo lilikuwa fedha za kigeni. Mwaka 2011 fedha zilikuwepo na mafuta yalikuwepo, kilichokosekana ni maelewano. Mwaka 2022 ilikuwa vita vya Ukraine, hata serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni mwaka huo ili kupunguza makali. Na 2023 fedha za kigeni zikarudi kuwa tatizo: dola ziliadimika, na petroli iliyokuwa na kikomo cha shilingi 2,736 kwa lita Dar es Salaam mwezi Julai ikafika 3,199 mwezi Agosti. Mikoani watu wakarudi kwenye foleni, na baadhi ya vituo vilivyobainika kuficha mafuta vikafungiwa leseni.

Wala si sisi peke yetu. Januari 2022, jirani zetu wa Uganda walikosa mafuta kwa sababu madereva wa malori waligomea utaratibu wa kupimwa UVIKO-19 mpakani, Malaba na Busia. Mafuta yalikuwepo Kenya, magari yalikuwepo barabarani, lakini katika miji iliyo mbali na mpaka lita moja iliuzwa kwa bei ambayo haijawahi kuonekana. Somo ni lile lile. Kila unapokwenda mbali na bandari, ndivyo mtikisiko mdogo unavyogeuka tetemeko.

Sababu zinabadilika, lakini anayeumia wa mwisho habadiliki. Na bei ina tabia moja ya ajabu katika milima ile. Inapopanda, hupanda mlima mbio kuliko gari lolote. Ikitakiwa kushuka, huchoka njiani. Nauli iliyoongezwa kwa sababu ya mafuta hairudi ilipokuwa mafuta yanaposhuka. Nauli ya abiria angalau ina chombo cha kuisimamia, na abiria anaweza kulalamika. Nauli ya gunia la kabichi ni mapatano kati ya mwenye haraka na asiye na haraka, na mwenye haraka siku zote ni mwenye kabichi.

Tufanye nini basi? Mimi si mtaalamu wa mafuta, lakini yapo mambo ambayo hayahitaji shahada.

La kwanza, kila wilaya ya milimani iwe na mpango wake wa siku za uhaba, ulioandikwa kabla uhaba haujafika. Lita za kwanza zinazofika kituoni ziende wapi? Gari la wagonjwa kwanza, gari la mazao yanayooza la pili, na sisi wenye magari madogo ya kwenda msibani na harusini tusubiri zamu. Orodha hiyo ibandikwe kituoni, kila mtu aione. Penye utaratibu unaosomeka, mwenye funguo za pampu hapati nafasi ya kuuza giza.

La pili, vituo vidogo vya gharama nafuu vijijini vihimizwe. Masharti ya kuvijenga yamekwisha legezwa, na Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukitoa mikopo kwa ajili hiyo. Huo ndio mwendo wa kumtoa muuza chupa kwenye hatari bila kumwacha mgonjwa bila usafiri. Muuza chupa mwenyewe, akipewa mkopo na mafunzo, anaweza kuwa ndiye mwenye kituo.

La tatu linawahusu wakulima wenyewe. Mama mmoja na magunia yake matano hana sauti mbele ya mchuuzi. Wakulima hamsini wenye mkataba wa pamoja na mwenye gari wanayo. Wakikubaliana kwamba nauli itapanda mafuta yakipanda na kushuka yakishuka, kwa kipimo cha lile jedwali la kila mwezi, basi jedwali hilo litakuwa limepata miguu ya kupanda mlima.

La nne linatuhusu sisi wa vyombo vya habari. Tusitangaze bei ya karatasi tukadhani tumemaliza kazi. Mwandishi aliyeko Lushoto atuambie siku hiyo hiyo lita imeuzwa kiasi gani pampuni, kiasi gani kwenye chupa Mlalo, na gunia limechukuliwa kwa kiasi gani Lukozi. Hapo ndipo tutakapojua kama bei imeshuka kweli.

Mnaweza kuniuliza mama yule aliishia wapi. Jioni ile lilikuja Canter moja. Mchuuzi akataja bei iliyokuwa chini kuliko ile aliyoikataa jana yake. Mama hakubishana. Alisimama, akakung'uta kanga yake, akasaidiana na utingo kupakia. Alipomaliza aliniaga kwa heshima zote, akaniambia nikifika Dar es Salaam niwasalimie watu wa redio.

Nilishuka mlima usiku kwa mafuta ya lile dumu la Mombo. Mbele yangu, kona kwa kona, niliziona taa nyekundu za lile Canter lililobeba kabichi zake. Siku chache baadaye mke wangu alinunua kabichi sokoni, akafurahi kwamba haikupanda bei. Nilikula bila kusema kitu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bei mpya inapoingia nchini ni kama mgeni, na kabla ya kumshangilia tuwaulize wenyeji wa Lukozi kama naye wamemwona.